Masharubu kwa Vitunguu Saba

Qodrat aliyaweka masharubu yake rehani mchana wa Ijumaa, tumbo limejaa wali na nyama ya kondoo, na hakuna mtu aliyemlazimisha.

Siku hiyo mkewe, Turan, alikuwa anasafiri. Binti yao Golbahar aliolewa Isfahan, alikuwa na mimba ya pacha, na daktari alikuwa amemwamuru asishuke kitandani mpaka ajifungue. Turan angekwenda kumtunza, akae mpaka watoto wapate nguvu kidogo, kisha arudi Hamadan kabla ya mwaka mpya, siku ile baridi inapokata roho na machipuko yanaanza. Miezi mitatu na ushee. Sanduku lilikuwa tayari mlangoni. Kilichomtia wasiwasi hakikuwa mume, wala theluji barabarani. Ni vitunguu saba vilivyokuwa vimelala kwenye kikapu.

Havikuwa vya kupikia. Vilikuwa vitunguu vya maua ya sonbol. Kila baridi Turan alivikalisha juu ya chupa za maji humo ndani ya nyumba, ili mwaka unapogeuka viwe vimechanua, rangi ya zambarau, kwenye meza ya mwaka mpya. Watu wengine hununua sonbol sokoni siku za mwisho, zimeshapandwa kwenye makopo ya udongo. Turan hakuwahi kununua. Mama yake hakuwahi kununua. Chupa zenyewe, za kioo chembamba chenye kiuno, zilikuwa za bibi yake, na ikipasuka moja alinuna wiki nzima.

Akamwelekeza mumewe polepole, kama anavyomwelekeza mgeni njia. Maji yasiguse makalio ya kitunguu, yaishie chini yake kwa unene wa sarafu, yakigusa kitaoza. Chupa zikae ghala la chini, kwenye giza na baridi, mpaka mizizi ijae. Kila Ijumaa aongeze maji. Chipukizi likifika urefu wa kidole azitoe, azivike kofia za karatasi siku chache, ndipo azipeleke dirishani.

Qodrat alikuwa fundi wa samawari, yale mabirika makubwa ya chai, mwenye kibanda sokoni kwa miaka thelathini. Mikono yake ilikuwa na makovu ya risasi ya kuchomelea, na masharubu yake yalikuwa mazito, yamepinda ncha, yanajulikana soko zima. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Kitunguu na maji," alisema. "Mimi nafufua samawari za miaka mia, nitashindwa na kitunguu?"

"Samawari ukiikosea leo utaigonga kesho, Baba Golbahar," Turan akamjibu. "Hiki ukikikosea hakikuambii chochote mpaka baridi iishe."

Mambo yangeishia hapo kama shemeji yake Hushang asingekuwepo. Hushang, kaka mkubwa wa Turan, alikuwa na shamba la matufaha chini ya mlima Alvand, na alipenda ugomvi wa watu wengine kuliko chai. Akasema kama kazi yenyewe ni ndogo hivyo, basi fundi aweke kitu. Qodrat akauliza aweke nini. Hushang akamtazama tu juu ya mdomo.

Hapo Qodrat akafanya walivyofanya babu zake walipotaka neno lao liaminiwe. Akang'oa unywele mmoja wa masharubu, akaufunga ndani ya karatasi ya peremende, akamkabidhi mkewe. Masharti yakasemwa mbele ya Hushang. Mwaka ukigeuka bila hata ua moja kuchanua, masharubu yote yatanyolewa. Likichanua hata moja, Turan atasema kwa kinywa chake, mbele ya kaka yake, kwamba hii kazi ya maua aliyojivunia maisha yake yote ni kazi ndogo, ya mtu yeyote.

Turan akaitia ile karatasi kwenye pochi. Akamwangalia mumewe muda kidogo. "Nitasema," alisema. "Kama nitalazimika."

Akapanda basi.

*

Qodrat hakuwa mtu wa kupuuza kazi aliyopewa. Jioni ileile alishuka ghala la chini na taa. Kwenye ukuta wa kaskazini kulikuwa na kabati la mbao lenye mlango unaofunga vizuri, giza tupu, baridi ya kutosha. Akasawazisha maji kwa kipande cha waya alichokikata kwa kipimo cha sarafu, akapanga chupa. Sita zikaenea. Ya saba haikupata nafasi. Kile cha saba kilikuwa kitunguu kibaya, kimepinda, kidogo kuliko vyote, akakiona hakistahili kuvunjiwa rafu. Akakiweka chini ya ngazi pamoja na chupa yake, akakifunika kwa samawari ya zamani isiyo na kitako. Humo ndani kulikuwa na giza kama kaburini. Wiki ileile akaletewa samawari nyingine nane za mgahawa mmoja, mbovu zote, akazirundika palepale chini ya ngazi mpaka apate nafasi. Cha saba kikamtoka akilini.

Siku kumi baadaye Hushang akaleta kreti la matufaha mekundu, mazuri, yaliyochaguliwa moja moja. Ya meza ya mwaka mpya, alisema, yatunzwe yasinyauke. Qodrat akafikiri kidogo. Meza ile, kwa desturi, hutaka vitu saba, na yeye, mwanamume aliyeachwa peke yake, hakutaka siku ya mwisho akimbie huku na huku akitafuta hiki na kile. Akashusha matufaha kwenye lilelile kabati, chini ya chupa. Akaweka chupa ya siki, vitunguu saumu, somak, kile kiungo chekundu kichachu, na yale matunda makavu ya senjed. Akafunga mlango, akaupigapiga kwa kiganja. Vitu vyote vya mwaka mpya mahali pamoja, kwa mpangilio. Alijiona mwenye akili, na usiku huo akamwambia Turan kwenye simu kwamba nyumba ina mpangilio kuliko alivyoiacha. Hakufafanua.

Baridi ikakaza. Theluji ikafika kwenye vizingiti, wateja wakapungua, na Qodrat akaanza kushuka ghalani si Ijumaa tu bali kila siku akitoka kazini. Mwanzoni alisema anakwenda kuangalia maji. Baadaye hakusema lolote, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwambia. Alifungua kabati, harufu ya matufaha ikamjia tamu, akachuchumaa na taa kutazama mizizi. Ilikuwa inashuka ndani ya maji, myeupe kama tambi. Kila siku kidogo. Hakuwahi kuona kazi inayofanyika kimya namna ile, bila nyundo wala moto, na ilimpendeza. Akaanza kuwaeleza wateja habari za mizizi wakiwa wamekuja kuuliza bei. Sirus, jirani yake sokoni, mtengeneza mazulia, akamwambia amezeeka, sasa anaongea kuhusu vitunguu kama mkunga.

Pacha wakazaliwa katikati ya baridi, wavulana wawili, wazima, wana sauti. Qodrat akagawa peremende soko zima. Turan alipopiga simu kumpongeza ubabu, swali la pili lilikuwa la vitunguu. Akamwambia mizizi imejaa chupa, chipukizi limefika kidole. Turan akakaa kimya kidogo. "Hujaua hata kimoja?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa na mshangao wa kweli, na Qodrat akatembea kifua mbele siku mbili.

Akatoa chupa sita, akazivika kofia za karatasi, akazipeleka dirishani. Majani yakapanda, ya kijani, manene, yamesimama kama vidole vya mtu anayeomba dua. Akangoja maua.

Wiki mbili kabla ya mwaka mpya alikuwa bado anangoja. Akatenganisha majani ya kitunguu cha kwanza kwa ncha ya bisibisi, taratibu, akachungulia. Katikati, mahali pa ua, palikuwa na kitu kidogo cha kahawia, kikavu, mfano wa majani ya chai yaliyobaki kwenye kichujio. Akachungulia cha pili. Akachungulia vyote sita.

Akalivaa koti, akaenda sokoni kwa muuza maua, mama mmoja mnene aliyekaa katikati ya makopo mia ya sonbol zilizochanua, harufu yake inakata pumzi. Akamweleza. Mama yule akamuuliza kuhusu maji. Sawa. Giza. Sawa. Baridi. Sawa. Akamuuliza kama aliviweka na matunda.

"Matufaha tu," Qodrat alisema. "Ya meza ya mwaka mpya."

Mama yule alicheka mpaka akashika mguu wa meza. Kisha akamhurumia, akamwelewesha. Tufaha likikaa linapumua, na pumzi yake ni sumu kwa ua lililo tumboni mwa kitunguu. Mizizi haidhuriki, majani hayadhuriki, ua ndilo hufa, na huwezi kujua. "Kila mwaka wananijia watatu wanne," alisema akijifuta macho. "Wote wanaume. Wote wenye mpangilio."

*

Hilo lilikuwa tatizo la Qodrat, na alikuwa na siku kumi na tatu za kulitatua. Hakuwa anaogopa kunyolewa tu, ingawa aliogopa. Tangu awe na miaka ishirini hakuna aliyewahi kuona mdomo wake wa juu. Kilichomuuma zaidi ni ule ukimya wa Turan kwenye simu, ule mshangao. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alikuwa amemwamini kwa kitu chake mwenyewe.

Sirus alikuwa na dawa tayari. Anunue sonbol sita za zambarau, aoshe udongo kwenye mizizi, azikalishe kwenye chupa. Nani atajua? Hushang hatofautishi ua na kabichi. Turan atakuwa amechoka na safari, tena ana wajukuu.

Qodrat alinunua. Alijifungia jikoni, akaosha mizizi kwenye beseni kwa subira ya fundi, akavikalisha vitunguu vya watu kwenye chupa za bibi yake Turan, akasawazisha maji kwa waya wake. Vilipendeza. Alisimama mbali, akatazama, akasogea, akatazama tena. Chumba kizima kilinukia. Hata yeye mwenyewe angedanganyika.

Kesho yake Turan alipiga simu kusema atapanda basi siku nne kabla ya mwaka mpya, na Golbahar na mumewe watafuata na watoto kwa gari. Kisha, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, akasema mama mkwe wa Golbahar ana samawari ya fedha inayovuja, ya urithi, anaogopa kumpa fundi yeyote kwa kuwa wengi hupaka rangi juu ya tundu na kuchukua malipo. "Nimemwambia aje nayo Hamadan," Turan alisema. "Nimemwambia mume wangu ana ulimi mbovu na kichwa kigumu, lakini hajawahi kumpakia mtu rangi juu ya tundu."

Qodrat alisema vizuri, aje nayo. Akaweka simu. Akakaa mbele ya dirisha na zile chupa sita zenye maua, na hakukaa sana. Akaamka, akatafuta makopo na udongo, akavirudisha vitunguu vya watu alikovitoa. Asubuhi akavigawa sokoni. Kopo moja lilikwenda kwa Sirus, aliyemwita mjinga mbele ya wateja wawili, kisha akaliweka ua pazuri, penye mwanga. Vile sita vya Turan, vyenye majani matupu, akavirudisha kwenye chupa zake dirishani. Navyo vilikuwa vimeishi baridi nzima naye, hakuona sababu ya kuvitupa.

Mchana wa siku ya basi akaenda kwa kinyozi. Kinyozi alimlazimisha arudie mara tatu, kisha akaita watu wa duka la pili waje kushuhudia, maana baadaye asije akashtakiwa.

*

Turan alishuka kwenye basi na sanduku, akampita. Alimpita kwa hatua nne, akitazama watu, akitafuta. Qodrat akamwita. Akageuka, akamtazama, mkono ukaenda kinywani.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe una sura ya mama yako."

Akaanza kucheka palepale kituoni, akaketi juu ya sanduku lake, akacheka mpaka dereva akaja kuuliza kama mama anaumwa. Qodrat alisimama mbele yake, mdomo wa juu mweupe kama mguu wa mtoto, unapigwa na upepo. Akamwambia yote bila kujipamba: kabati, matufaha, yule mama wa sokoni, hata beseni la jikoni na maua ya watu. Hapo kwenye maua ya watu Turan aliacha kucheka. Akamkamata mkono, wakapanda teksi.

Nyumbani alikwenda dirishani kabla hajavua koti. Akagusa majani. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Hizi ni sita," alisema. "Chupa yangu ya saba umeivunja?"

Qodrat akajipiga paji la uso. Kisha akashuka ngazi za ghalani mbio, mtu wa miaka hamsini na sita, na Turan juu akasikia samawari zikirushwa moja baada ya nyingine kama vita ya mabati. Aliporudi alikuwa na utando wa buibui kichwani na ameshika chupa kwa mikono miwili.

Maji yalikuwa yamebaki tone chini. Majani yalikuwa ya manjano kwa kukosa jua, marefu, yamepinda kufuata tundu la bomba la samawari, mahali palipopita uzi mmoja wa mwanga. Lakini katikati ya majani palisimama shina, na juu ya shina vichwa vidogo vimefungana, kijani, vimeanza kuwa na rangi pembeni. Kile kitunguu kibaya, kilichokosa nafasi kabatini, hakikuwahi kunusa tufaha.

Siku nne zile, nyumba ilikizunguka kitunguu hicho. Turan alikisogeza karibu na jiko asubuhi, akakiondoa mchana, akakirudisha. Golbahar alifika na mumewe na watoto wawili wanaolia kwa zamu, na bado watu walikuwa wanaulizana habari za ua kabla ya habari za safari. Hushang alikuja siku ya tatu, akamtazama shemeji yake usoni kwa muda mrefu sana, akasema amewahi kuwa na mbuzi wa sura ile. Kisha akasikia habari ya cha saba, na akajitangaza hakimu.

Siku yenyewe mwaka ulikuwa unageuka saa tisa kasoro mchana. Meza ilikuwa imeandaliwa, siki, saumu, ngano iliyochipuzwa, na matufaha ya Hushang yameng'aa kama hayajafanya kosa lolote. Ua lilikuwa halijafunguka. Saa nane na nusu vichwa vyote vilikuwa vimejaa rangi na vimefumba. Turan aliinuka, akawasha samawari, akaisogeza chupa karibu na mvuke, kwa kadiri ya shubiri moja. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini. Alikuwa anasaidia upande wa mumewe, mbele ya kila mtu, na kila mtu aliona.

Redio ilipoanza kuhesabu, kichwa cha chini kabisa, kile cha upande wa samawari, kilikuwa kimepasuka. Mizinga ya mwaka mpya ikapigwa redioni, watoto wakashtuka wakalia, watu wakabusiana. Hushang akasogea na miwani yake, akainama, akatazama. Petali sita ndogo za zambarau zilikuwa zimejikunja nyuma, na harufu ikatoka, kidogo tu, ya kumfikia aliye karibu.

"Kimoja," Hushang alitamka. "Masharti yalisema hata moja. Dada, fundi ameshinda."

"Nimeshinda nimeshanyoa," Qodrat alisema, na Golbahar akacheka mpaka akamkabidhi mumewe mtoto.

Turan akafungua pochi, akatoa karatasi ya peremende, akaifungua. Unywele ulikuwa humo, umepinda vilevile. Akauweka kwenye kiganja cha mumewe. Kisha akasimama wima mbele ya kaka yake, akajifuta mikono, maana ahadi ni ahadi. "Haya," alisema. "Nasema kwa kinywa changu kwamba hii kazi ya maua ni kazi..."

"Nyamaza," Qodrat alisema. "Usiuanze mwaka kwa uongo, Mama Golbahar."

Turan akamtazama. Akamtazama hasa ule mdomo mpya.

"Usiyarudishe," alimwambia. "Angalau mpaka mwezi uishe. Sijamaliza kukuangalia."

Qodrat akashika chai yake kuficha uso, lakini hakukuwa tena na mahali pa kuuficha. Kila mtu mezani aliona anavyotabasamu.